Kampuni ya maziwa inataka nilisifie kopo lake



Nimekuwa kimya karibu wiki tatu na wengine mmeshaanza kuniuliza kama mtoto anaumwa. Haumwi, namshukuru Mungu. Ana miezi ishirini sasa, anapanda meza, anavuta nyaya za redio, na neno analolipenda kuliko yote ni "sitaki". Ukimya wangu una sababu nyingine kabisa.

Kuna kampuni ya Dar es Salaam, jina nalihifadhi, inayoingiza maziwa ya unga ya watoto kutoka nje. Wameniandikia. Wanasema wanafuatilia ninayoyaandika kuhusu malezi, wanasikia sifa za kipindi changu cha Jumamosi redioni hapa Songea, na wanapenda "uhalisia" wangu. Wanachotaka ni kwamba kwa miezi mitatu niyataje maziwa yao mara mbili kwa wiki, nitoe picha ya binti yangu ameshika kikombe na kopo likionekana pembeni, halafu niseme kwa maneno yangu mwenyewe kwamba hayo ndiyo anayokunywa. Malipo ni laki tano kila mwezi, pamoja na katoni moja ya makopo. Mwishoni wakaongeza kwamba nisitaje kuwa nimelipwa, maana nikitaja "itapoteza ladha".

Kwa msomaji aliyeko Masaki labda laki tano ni hela ya wikiendi moja. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea wa mkoani. Nalipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari niliyotuma, na zote mnajua kwamba ukurasa wa mikoani ndio wa kwanza kukatwa tangazo likiingia. Nikienda Tunduru kufuatilia habari moja, nauli na chakula vinaweza kula nusu ya malipo kabla sijaandika hata sentensi. Redio inanipa kile wanachokiita nauli, nami nimeacha kuuliza ni nauli ya kutoka wapi kwenda wapi. Kodi ya nyumba hapa Bombambili tunalipa kwa miezi sita, na mwezi wa kulipa ndio huu.

Kwa hiyo sikuifuta ile barua. Niliisoma mara nne. Usiku mume wangu, ambaye ni mwalimu na ana tabia ya kupiga hesabu kwa sauti, akasema, "Milioni moja na nusu, mama." Akageukia ukutani akalala. Hakusema nikubali wala nikatae. Heri angesema.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Mwaka jana binti yangu alipokuwa na miezi minane, mwenye duka mmoja wa hapa mjini alinipa makopo sita ya uji wa watoto, ule wa unga laini unaokorogwa tu na maji ya moto. Hakunipa masharti yoyote. Alisema tu, "Chukua mwandishi, ukampe mtoto." Nikampa, mtoto akaupenda kupita kiasi. Jumamosi iliyofuata nikalisimulia hilo redioni, na baadaye nikaliandika pia: kwamba mwanangu aliyekuwa akikataa kila kitu sasa analilia uji huo, na kwamba unapatikana mjini kwa fulani. Kila neno lilikuwa la kweli. Ila sikusema kwamba nimepewa bure.

Kama miezi mitatu baadaye nilikuwa kwenye foleni ya kliniki. Mama mmoja mdogo kwa umri, anatoka Lizaboni, akaitambua sauti yangu nilipokuwa naongea na simu. "Wewe si ndiye mama wa Jumamosi?" Nikacheka, nikakubali, na kusema ukweli nilijisikia vizuri. Akaniambia naye anampa mtoto wake ule uji nilioutaja. Kisha akasema kwa fahari, "Na kopo likitunzwa linakaa mwezi mzima."

Kwangu kopo moja lilikuwa linaisha siku sita.

Nilinyamaza. Muda si mrefu tukaingia kupima, yeye mbele yangu. Nesi akaweka mtoto kwenye mzani, akachora kwenye kadi, akaigeuza ili mama aone. Ule mstari uliokuwa ukipanda vizuri ulikuwa umelala, halafu umeanza kushuka. Nesi akauliza anampa nini. Akajibu kwamba zamani alikuwa anampa uji wa mahindi wenye karanga, na maharage ya kuponda, lakini sasa amemhamishia kwenye ule wa kopo, vijiko viwili vya chai kwenye bakuli. Halafu akanionyesha mimi kwa kidole. "Namfuata huyu dada."

Nesi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe dada unalinunua shilingi ngapi?"

Nilikuwa sijui. Sikuwahi kulinunua. Nilipita dukani jioni ile nikaangalia: elfu kumi na sita. Yule mama anauza mboga. Nikaanza kuhesabu matembele ni mafungu mangapi hayo, nikaacha.

Wako watakaosema kosa ni lake, maelekezo yameandikwa kwenye kopo. Yameandikwa, ndiyo, kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa herufi za ukubwa wa mchele. Lakini hakulinunua kopo kwa sababu ya maelekezo. Alilinunua kwa sababu mama mwenzake wa Songea, anayepanga foleni kliniki ile ile, alimwambia kwamba mtoto wake anaulilia.

Baada ya siku ile nikaanza kusoma, kama kawaida yetu waandishi, tunasoma baada ya kuharibu. Na nilichokikuta ni kwamba kosa langu lina historia ndefu kuliko umri wangu. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alitoa hotuba huko Singapore akishutumu matangazo ya maziwa ya makopo kwa akina mama maskini, na hakuona haya kuyahusisha na mauaji. Hakuna aliyemjali sana. Mwaka 1974 shirika la Uingereza la War on Want likatoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller kuhusu namna makampuni yalivyokuwa yakiuza maziwa hayo katika nchi zetu. Mambo aliyoyaeleza ni yale yale niliyoyaona kliniki: maziwa yanazimuliwa ili yadumu, chupa haichemshwi, maji si salama, na mtoto anakonda huku mama akiamini anampa kilicho bora.

Kikundi kimoja cha Uswisi kilikitafsiri kijitabu hicho kwa Kijerumani na kukipa jina linalosema Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashitaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliwatia hatiani kwa lile jina na kuwatoza faini ndogo, lakini jaji akaiambia na kampuni ikaangalie upya namna inavyotangaza. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaanza kususia bidhaa zake. Hatimaye Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala, kura 118 kwa moja. Hiyo moja ilikuwa ya Marekani.

Katika habari yote hiyo kuna kitu kimoja ambacho hakinitoki kichwani. Makampuni yalikuwa yakiajiri wanawake, yanawavalisha sare nyeupe zinazofanana na za manesi, wanapita wodi za wazazi na majumbani wakitoa ushauri na sampuli. Baadhi walikuwa manesi kweli, wengine walikuwa wauzaji tu. Mama aliyejifungua jana hakuweza kuwatofautisha, na sare ilivaliwa kwa makusudi hayo.

Siku hizi hakuna anayeingia wodini na sare. Badala yake wananitafuta mimi. Ndio maana ile barua inasisitiza "maneno yako mwenyewe", inataka mtoto wangu mwenyewe, kikombe cha nyumbani kwangu, na isitajwe hela. Wangetaka tangazo la kawaida, redio ina bei yake ya sekunde thelathini, wangelipia na msikilizaji angejua ni tangazo. Wanachokikodi ni umama wangu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2022 ilieleza biashara hii waziwazi: makampuni ya maziwa ya watoto yanawalipa watu maarufu na akina mama wenye wafuasi, na kurasa zilizochunguzwa zilikuwa zinatoa matangazo kama mara 90 kwa siku na kuwafikia watu milioni 229. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya ukapitisha azimio la kuzitaka nchi zidhibiti matangazo hayo ya mtandaoni.

Hapa kwetu kanuni zipo tangu 1994, zikaandikwa upya 2013. Zinakataza kutangaza maziwa ya watoto wachanga, chupa na chuchu zake. Kenya nao wana sheria yao ya 2012. Niliwauliza wale wa kampuni kuhusu hilo, wakanijibu haraka sana, kama watu waliozoea kuulizwa, kwamba haya ni maziwa ya mtoto wa kuanzia mwaka mmoja, kwa hiyo hayahusiki. Haya, nendeni dukani mkaangalie. Kopo la mtoto mchanga na kopo la mtoto wa mwaka mmoja yana jina lile lile, rangi zile zile, na mnyama yule yule anatabasamu. Kilichobadilika ni namba: 1, 2, 3. Mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja akiniona nasifia namba 3, dukani ataomba "yale ya dada wa redioni" na atapewa namba inayomfaa mtoto wake. Na kwa taarifa yenu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi kabisa haya maziwa maalumu kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili. Anayepata maziwa ya kawaida ya mnyama anatosheka nayo, pamoja na ya mama na chakula cha nyumbani.

Hata ule "kuulilia" wa binti yangu nimekuja kuutilia shaka. Aprili 2024 taasisi ya Public Eye ya Uswisi na mtandao wa IBFAN walitoa ripoti kwamba Nestlé inaongeza sukari kwenye nafaka za watoto za Cerelac inazouza nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakati huko kwao Uswisi za aina hiyo inaziuza bila sukari ya kuongezwa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na imekuwa ikipunguza sukari. Uji niliopewa mimi haukuwa wa kampuni hiyo. Lakini niligeuza kopo nikasoma orodha ya viungo, na sukari ilikuwa ya tatu. Nani asiyelilia sukari?

Rafiki yangu mmoja, mwandishi mwenzangu, nilimweleza haya yote tukiwa tunakunywa chai karibu na Soko Kuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanichapa kisawasawa. "Acha kujifanya mtakatifu. Mwezi uliopita kwenye semina ya lishe si ulisaini posho? Na habari si ulitoa?"

Kweli nilisaini. Ilikuwa semina ya siku mbili, ukumbi mzuri, kuku chakula cha mchana, na jina langu kwenye karatasi ya posho. Na habari nilitoa, tena kwa kichwa kikubwa, kwamba Ruvuma inalisha taifa lakini watoto wake wamedumaa. Habari hiyo ni ya kweli. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mkoani kwetu ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Jirani zetu wa Iringa ni zaidi ya nusu. Magunia ya mahindi yamejaa kwenye maghala ya NFRA na mtoto wa mkulima anakunywa uji mweupe asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, mama yuko shamba kuanzia Novemba mpaka masika yanaisha. Mimi nilizaliwa humo, nayajua. Lakini kwa nini niliyaandika wiki ile na si wiki nyingine? Kwa sababu kulikuwa na semina yenye posho. Tukiiita posho tunalala usingizi, tukiiita bahasha tunakumbuka maadili ya Baraza la Habari. Mkononi ni noti zile zile.

Kwa hiyo sina usafi wa kumtolea mtu mawe, na rafiki yangu alistahili kunilipisha ile chai. Ila alisema na jambo jingine ambalo sikubaliani naye, kwamba mama mwenye uwezo atanunua tu, kwa hiyo namlinda nani? Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kopo. Kuna watoto waliofiwa na mama siku waliyozaliwa. Kuna mama ambaye maziwa yamegoma kwa sababu ambazo daktari anazijua. Kuna mfanyakazi ambaye sheria ya ajira ya 2004 inampa likizo ya siku 84, chini ya miezi mitatu, huku kliniki akiambiwa anyonyeshe miezi sita bila kumpa kitu kingine. Sheria hiyo hiyo inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hebu niambieni ni ofisi ngapi hapa mjini zinazitoa bila mkuu wa idara kukunja uso. (Kampuni ikitaka kunidhamini niandike kuhusu hizo saa mbili, nipo tayari kesho asubuhi.) Mama wa namna hiyo anahitaji kukaa na nesi amwelekeze vipimo, maji na usafi wa kikombe. Picha ya binti yangu anatabasamu haimsaidii chochote.

Mtihani mgumu zaidi haukutoka Dar es Salaam, ulitoka nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kuna mama jirani anatengeneza unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga. Anausaga mwenyewe, anaufunga kwenye mifuko ya kilo moja, kilo moja bei yake haifiki hata theluthi ya lile kopo. Aliposikia naandika mambo ya malezi akaja na mfuko mmoja wa zawadi. "Nitaje na mimi, mwanangu." Nilikuwa karibu kukubali pale pale, kwa mapenzi tu. Ni mama wa hapa, ni soya ya hapa, ni kila kitu tunachokihubiri.

Halafu nikajikuta namuuliza karanga anazianika wapi.

Alishangaa. Nikamweleza habari ya sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na ambayo huioni kwa macho wala kuionja. Nikamuuliza kama ameshapeleka sampuli TBS, maana tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao. Akasema anafuatilia kupitia SIDO. Akasimama, akachukua kanga yake. "Kumbe na wewe unataka hela kama wenzako."

Iliniuma kuliko maneno ya rafiki yangu. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake nikanunua kilo mbili kwa bei anayouzia watu. Nikamwambia siku akipata alama ya TBS nitamtaja bure, na nitasema pia kwamba ni jirani yangu. Bado tunasalimiana, ila salamu imekuwa fupi.

Basi huu ndio uamuzi wangu, na nimeuchelewesha mno. Kitu chochote kinachoingia kinywani mwa mtoto wa chini ya miaka miwili sitapokea hela yake, wala katoni yake, wala mfuko wa zawadi, awe mwenye kampuni au jirani. Nikitaka kukizungumzia nitakinunua, na bei nitaisema. Nilitaka kuweka nafasi kidogo ya "isipokuwa", nikaona kila isipokuwa niliyoiandika ilikuwa imevaa sura ya kodi ya nyumba.

Vitu vingine havinitishi hivyo. Pampasi, sabuni, chandarua, viatu vya shule, benki zinazofungua akaunti za watoto, njooni tuzungumze. Lakini sentensi ya kwanza itakuwa ya nani amelipa. Marekani walilazimika kuliandika hilo kwenye miongozo yao tangu Desemba 2009, kwamba anayesifia kitu akiwa amepewa hela au amepewa kitu chenyewe bure lazima aseme, na sisi Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, sihitaji kusubiri mtu aje kunishtaki ndipo niielewe. Nitatumia mwezi mzima kabla ya kusema. Pampasi zikivuja nitasema zinavuja, na nitasema kwamba nepi za kitambaa za mama yangu zilinilea mimi na wadogo zangu wanne, zinafuliwa, zinaanikwa, basi. Nikimweleza hivi mtu wa masoko wa pampasi nadhani atakata simu. Sawa.

Na uso wa binti yangu hauuzwi. Hilo nilitaka kulieleza kwa marefu lakini naona halihitaji. Yeye mwenyewe ameshasema neno lake analolipenda.

Posho za semina? Bado sijajua. Semina nyingi ndizo zinazonifikisha vijijini, na bila usafiri wao habari ya Nyasa au Namtumbo siipati. Kwa sasa nimeamua kitu kidogo tu, nikitoa habari iliyotokana na semina nitaandika humo humo nani alinisafirisha na nani alinilisha. Mhariri akiikata, ameikata yeye.

Juzi nimewajibu wale wa Dar es Salaam. Mistari mitatu, asanteni, hapana, na sababu. Kodi ya nyumba tumeipunguza kwa kazi niliyopata ya kuandika taarifa ya mwaka ya SACCOS moja, kazi inayochosha kuliko kulima, na mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi kwa iliyobaki. Mume wangu aliposoma majibu yangu alisema, "Haya," akaenda kusahihisha madaftari. Baadaye nikamsikia anamwimbia mtoto, nikajua yamekwisha.

Yule mama wa Lizaboni nilimtafuta. Nilimkuta kwenye meza yake ya mboga. Uji wa kopo alishauacha zamani, na si kwa sababu ya ushauri wa mtu, hela ndiyo iliisha. Amerudi kwenye mahindi na karanga, na nesi alimwongezea dagaa wa Nyasa wa kusaga na parachichi. Mstari kwenye kadi unapanda, polepole. Nilimwambia kwamba yale makopo nilipewa bure. Alinitazama kidogo, akasema, "Ungesema tu, dada." Kisha akanifungia mchicha, na hela yangu akaikataa. Nikamlazimisha.

Jumamosi hii nitalisema redioni, saa nne asubuhi, mwanzoni mwa kipindi. Meneja hajafurahi, maana lile duka linatangaza kwetu. Ameniomba nisitaje jina la duka, na hilo nimekubali. Ameniomba pia nisitaje bei. Bei nitaitaja.